Jiwe la kusagia na cherehani cha jirani yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzetu ambaye majuma machache yaliyopita aliuliza, kwa ukali kidogo, sheria za Musa kuhusu ng'ombe, punda na mawe ya kusagia zinamfaa nini mtu wa leo anayenunua umeme kwa simu. Swali lake si baya, na siandiki kumkaripia. Naandika kwa sababu swali hilohilo nilikuwa nalo kwa miaka mingi, mpaka nilipojifunza namna Wayahudi wanavyoisoma Torati yao juma kwa juma, nami nikaanza kuisoma hivyo, na kusoma huko kukanifumbua macho nikaona jambo lililokuwa likitendeka hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Muheza, nikabatizwa Magila, na sasa ni zaidi ya miaka 20 naishi Chumbageni hapa Tanga, katikati ya majirani ambao wengi wao ni Waislamu. Sijawa Myahudi wala sina nia ya kuwa. Nilichofanya ni kuitafuta kalenda ya masomo yao na kuifuata kwa Biblia yangu ya Kiswahili, sehemu moja kila juma, na kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri kulizungumza somo hilo barazani na jirani yangu anayefundisha madrasa, ambaye mtaa mzima tunamwita Maalim. Najua kwamba siku hizi Wayahudi wakitajwa barazani mazungumzo hukimbilia vita, na damu inayomwagika Mashariki ya Kati inatuumiza sote. Maalim na mimi hatukubaliani katika kila jambo la huko. Barua hii inahusu namna ya kusoma kitabu, na nitabaki hapo.

Kwa wasioufahamu mpango huo, nieleze kwanza unavyokwenda. Vitabu vitano vya Musa, kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati, vimegawanywa katika sehemu 54, na kila sehemu huitwa parasha. Kila Sabato asubuhi husomwa sinagogini parasha ya juma hilo, na watu saba huitwa mmoja baada ya mwingine kuja mbele ya gombo. Kisha husomwa kipande cha manabii kinachooana nayo. Mwaka ukiwa na Sabato chache kuliko sehemu, baadhi ya sehemu huunganishwa mbilimbili. Katika sikukuu iitwayo Simhat Tora, yaani furaha ya Torati, ambayo huangukia mwishoni mwa Septemba au mwezi Oktoba, husomwa maneno ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati, pale Musa anapofariki mlimani akiitazama nchi asiyoingia, na papo hapo, kabla watu hawajatawanyika, kunaanzwa upya na kuumbwa kwa mbingu na nchi. Zamani Wayahudi wa nchi ya Israeli walichukua kama miaka mitatu kuimaliza Torati. Mpango wa mwaka mmoja ulitoka kwa wenzao wa Babeli, na ndio ulioenea duniani.

Gombo lenyewe huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, herufi 304,805 kwa hesabu yao, bila irabu wala alama za vituo, na herufi moja tu ikikosekana gombo hilo halifai kusomewa ibadani mpaka lirekebishwe. Msomaji haigusi ngozi kwa kidole, bali hufuata mistari kwa kijiti ambacho mara nyingi ni cha fedha, chenye ncha iliyochongwa mfano wa mkono. Nilipomsimulia Maalim habari hii aliingia ndani bila kusema neno, akatoka na juzuu kuukuu pamoja na kijiti cha ukuti ambacho watoto wake wa chuoni hufuatishia herufi, akakilaza juu ya mkeka kati yetu. Kuhusu kusoma bila irabu hakuhitaji maelezo yangu. Babu yake alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua hizo, alisema, huwezi kuzisoma kama hukumfahamu aliyeziandika.

Torati husomwa pia Jumatatu na Alhamisi asubuhi, kifupi tu, watu watatu wakiitwa. Hizo zilikuwa siku za soko, watu wa vijijini walipokuja mjini kuuza mazao na kuamuliwa kesi zao, kama wakulima wa milima ya Usambara wanavyoteremka siku ya gulio. Mapokeo yanampa Ezra, yule kuhani na mwandishi wa Biblia, sifa ya kuuweka utaratibu huo, na sababu wanayoitoa wahenga wao wameichota katika kitabu cha Kutoka: Waisraeli walikwenda siku tatu jangwani pasipo maji, nao walimu wakasema maji hayo ni mfano wa Torati, kwa hiyo zisipite siku tatu watu hawajainywa.

Kusoma kwa mpango si jambo geni kwetu. Makanisa yetu yana kalenda za masomo, na Waislamu wana juzuu 30 zinazokhitimishwa usiku kwa usiku katika mwezi wa Ramadhani. Lakini tukiwa nyumbani peke yetu, wengi wetu husoma tunachokipenda. Mimi nilikuwa na Zaburi zangu tano au sita na Mahubiri ya Mlimani, nikizirudia mpaka karatasi zikalainika, na kurasa za Walawi zilikuwa bado zimegandana kama siku niliponunua kitabu. Mwenye kujichagulia mstari huchagua ule unaomuunga mkono. Kalenda haikuulizi unataka kusikia nini. Juma likifika, somo limefika, na unakutana nalo ukiwa na yale yaliyokupata juma hilohilo, uwe umefiwa, umegombana na mwanao au umedhulumiwa kiwanja. Hapo ndipo maneno ya zamani yanapopata mahali pa kushika.

Mwaka jana mapema Septemba tulikuwa katika parasha iitwayo Ki Tetze, inayoanzia sura ya 21 ya Kumbukumbu la Torati, mstari wa 10, na kufika mwisho wa sura ya 25. Alhamisi ya juma hilo, kabla ya saa tatu asubuhi, vijana wawili walikuja na guta nyumbani kwa jirani yangu wa upande wa pili, mama mjane anayeishi kwa kushona. Alikuwa amechukua mkopo wa aina ile ambayo mitaani tunaiita kausha damu, wa kulipa rejesho kila siku, na siku nne zilikuwa zimepita hajapeleka kitu kwa sababu mtoto wake alikuwa na homa na hakuwahi kuketi kushona. Vijana wale hawakubisha hodi. Walipita ukumbini, wakaingia chumbani, wakakinyanyua cherehani chake cha miguu pamoja na meza yake na kutoka nacho. Chini ya sindano kulikuwa bado kumebanwa sketi ya shule ya buluu iliyoshonwa nusu, na uzi mweupe ukawa unaburuzika kutoka chumbani, ukapita juu ya kizingiti, ukafika barazani. Mama yule aliwaomba angalau wamwachie atoe kitambaa cha watu. Mmoja akaukata uzi kwa meno, akamrushia ile sketi, wakaondoka.

Mimi nilikuwa nimesimama nje na gazeti mkononi. Sikusema neno. Nilijiambia kwamba deni ni la mtu na mwenziwe, na kwamba huenda kuna karatasi alizotia sahihi ambazo sijaziona.

Jioni nikafungua somo la juma. Katika sura ya 24 nikakuta imeandikwa kwamba mtu asitwae jiwe la kusagia kuwa rehani, la chini wala la juu, kwa kuwa anayefanya hivyo anatwaa rehani uhai wa mtu. Mistari michache mbele, kwamba ukimkopesha jirani yako usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, naye mwenyewe akuletee. Kisha, kwamba akiwa maskini, vazi aliloweka rehani umrudishie jua linapotua, apate kulala nalo. Na mbele kidogo, kwamba vazi la mjane lisitwaliwe rehani. Mistari hiyo nilikuwa nimeisoma tangu ujana wangu, na kama mtu angeniuliza ningesema ni sheria nzuri za watu wa kale. Jioni ile nilikuwa nimeshawaona watu wawili wakivunja tatu kati yake kwa muda usiozidi dakika tano, nami nikiwa shahidi.

Sikutaka kuishia kwenye uchungu wangu mwenyewe, nikatafuta walimu wa Kiyahudi walisema nini juu ya mistari hiyo. Katika Mishna, ambayo ni mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilishwa takriban mwaka 200 baada ya Kristo, walimu wanasema kwamba jiwe la kusagia limetajwa kama mfano, na kwamba makatazo yanakihusu kila chombo ambacho kwacho hutengenezwa chakula cha kumweka mtu hai. Wanaongeza kwamba aliyechukua rehani ya maskini amrudishie mto wake wa kulalia usiku na plau yake mchana, yaani kila kitu kwa saa yake ya kazi. Kuhusu mjane wanasema asichukuliwe rehani kabisa, awe maskini au tajiri. Nilikaa na maneno hayo ya mto na plau kwa muda mrefu. Aliyeyatamka alikuwa amekiangalia chumba cha maskini akajua kipi kinahitajika gizani na kipi kinahitajika mchana.

Jumamosi nilipompelekea Maalim habari hii, hakunikubalia upesi, na nashukuru kwamba hakunikubalia. Alisema cherehani hakipiki ugali, kwa hiyo kwa maneno ya walimu wenyewe nimevuka mpaka. Nikamjibu kwamba sababu iliyoandikwa katika Torati yenyewe ni uhai, na uhai wa mama yule na watoto wake watatu unapita chini ya sindano ile. Akafikiri kidogo, akanisomea aya ya 280 ya Suratul Baqara, isemayo kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki, basi apewe muda mpaka afarijike, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Halafu akasema jambo ambalo liliigeuza jioni yetu. "Lakini Mwalimu," alisema, "kila mwenye kukopesha akisikia kwamba hawezi kushika kitu, kesho nani atamkopesha mjane?"

Nawaomba wasomaji walitazame vizuri swali hilo, maana Wayahudi walikutana nalo zamani, na namna walivyolijibu ndiyo iliyonifanya niheshimu usomaji wao kuliko jambo jingine lolote. Sura ya 15 ya kitabu hichohicho, ambayo kwa kalenda yao husomwa majuma mawili kabla, inaamuru kwamba kila mwaka wa saba madeni yaachiliwe, na inamwonya mwenye mali asiseme moyoni kwamba mwaka wa saba umekaribia, akamnyima ndugu yake mkopo. Onyo lilikuwepo, na bado watu walinyima. Hileli, mwalimu aliyeishi Yerusalemu siku za mfalme Herode, aliona kwamba sheria iliyowekwa imfungulie maskini mkono imeanza kumfungia mlango. Hakuifuta Torati wala hakufumba macho. Aliweka hati iitwayo prozbuli, ambayo kwayo mkopeshaji hukabidhi madai yake kwa baraza la waamuzi, na kwa kuwa deni sasa liko mikononi mwa baraza na si mikononi mwa mtu binafsi, mwaka wa saba haulifuti. Mkopeshaji alipata uhakika, maskini akapata mkopo, na baraza la watu waliochaguliwa likasimama katikati yao.

Maalim aliposikia hayo aliweka kikombe chini akasema, "Basi tatizo la mama huyu si kwamba anadaiwa. Tatizo ni kwamba hakuna mtu katikati." Nadhani hakuna mfasiri wa kitabu chochote aliyenifundisha kwa maneno machache kuliko hayo. Nchi yetu ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, lakini sheria iliyoko kwenye makaratasi haikumsaidia mama yule asubuhi ile ya Alhamisi, wakati sisi majirani zake, tulio hai na wenye miguu, tulikuwa tumesimama tunatazama.

Msomaji mwenzetu anaweza kusema kwamba nimechagua mistari mitamu na kuyaacha magumu. Hapo ndipo kalenda inaponitendea haki, kwa sababu parasha hiyohiyo ya Ki Tetze ina sheria ya mwana mkaidi na mwasi, ambaye wazazi wake wanaambiwa wampeleke kwa wazee wa mji apigwe mawe hadi afe. Nisingeichagua kamwe, lakini ilinibidi niisome juma lilelile. Katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya walimu wao juu ya Mishna, kuna walimu waliosema waziwazi kwamba mwana wa namna hiyo hakuwahi kuwapo wala hatakuwapo, na kwamba habari yake imeandikwa ili watu waichunguze na kupata thawabu ya kuichunguza. Wakaweka masharti mengi juu ya hukumu hiyo hata isiwezekane kutekelezwa. Papo hapo imehifadhiwa sauti ya mwalimu mwingine, Rabi Yonatani, aliyesema kwamba yeye alimwona mwana huyo na aliketi juu ya kaburi lake. Hawakuifuta sauti hiyo. Mtu anayesoma hivyo hawezi kusema Maandiko ni mepesi, wala hawezi kuyafungia kabatini.

Ndivyo ilivyo pia kwa sura za Walawi kuhusu magonjwa ya ngozi, ambazo mimi nilikuwa nikiziruka kila mara. Walimu wa Kiyahudi, wakikumbuka kwamba Miriamu alipatwa na ugonjwa huo baada ya kumsema ndugu yake Musa, waliziunganisha sura hizo na dhambi ya kusengenya na kupakazia watu majina mabaya, na wakaona ndiyo sababu mgonjwa alikaa peke yake nje ya kambi, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa umewatenga watu. Katika kundi letu la mtaa la WhatsApp niliwahi kuona jina la binti wa watu likichafuliwa kati ya Magharibi na Isha, na kulipopambazuka binti huyo hakutoka nyumbani. Sidhani kwamba sura hizo zina uzee wowote.

Mengine nayapitia upesi. Katika Ki Tetze mwenye kujenga nyumba anaamriwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka. Anayechimba mtaro mbele ya duka lake na kuuacha wazi usiku bila kigingi wala taa atafakari mwenyewe. Katika parasha inayoitangulia, wanaouzingira mji kwa vita wanakatazwa kuikata miti ya matunda, na walimu wakaikuza sheria hiyo mpaka ikawa katazo la kuharibu bure kitu chochote chenye manufaa. Anayeifahamu mikoko ya pwani yetu, anayejua samaki wanazalia wapi na bahari inazuiwa na nini isile ardhi, hahitaji mhubiri wa kumweleza.

Lakini kuna somo moja katika parasha hiyo inayotangulia ambalo siwezi kulipita upesi. Mwanzoni mwa sura ya 21 inaelezwa kwamba akionekana mtu ameuawa shambani na muuaji hajulikani, wazee watoke wapime umbali mpaka miji iliyo karibu, na wazee wa mji ulio karibu zaidi wavunje shingo ya ndama bondeni, wanawe mikono na kusema kwamba mikono yao haikuimwaga damu hiyo. Katika Mishna walimu wanauliza: je, tuliwashuku wazee kwamba ni wauaji? Nao wanajibu kwamba maana ya kiapo chao ni hii, kwamba mtu huyo hakuja kwetu tukamwacha aende bila chakula, wala hatukumwona tukamwacha aende bila kumsindikiza. Nilipomsomea Maalim jibu hilo alinyamaza kwa muda, na mimi pia. Sisi watu wa pwani tumelelewa kumsindikiza mgeni, hatua chache au mpaka njia panda, na tunadhani ni adabu tu. Mkoa wetu uko mpakani, na kila mwaka wanapita humu vijana kutoka Ethiopia wanaosafirishwa kwa siri kuelekea kusini. Kwa kipimo cha wazee wale haitoshi mji kusema sisi hatukuua. Mji unaulizwa nani alimpa chakula na nani alikwenda naye njiani.

Nisieleweke kwamba usomaji huu ni mali ya watu wa mbali tu. Hapa Afrika Mashariki, karibu na Mbale nchini Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, mnamo mwaka 1919. Alikuwa ameisoma Biblia mwenyewe, akaamua kuzishika sheria za Musa, akajitahiri yeye na wanawe. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na baada ya utawala wake kuanguka mwaka 1979 waliosalia walijikusanya upya. Sabato ikifika nao kwa kawaida husoma parasha ileile inayosomwa Nairobi, Yerusalemu na New York, wakiwa wamezungukwa na migomba.

Sasa nirudi kwa cherehani, maana najua wasomaji watataka kujua. Katika kutafuta kwangu nilikutana na Musa bin Maimun, tabibu na mwanasheria wa Kiyahudi aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204, na ambaye baadhi ya vitabu vyake vikubwa aliviandika kwa Kiarabu. Alizipanga sadaka katika madaraja 8. Daraja la chini ni la anayetoa kwa uso uliokunjamana. Daraja la juu kabisa ni la anayemshika mkono mtu aliyeyumba, akampa kitu au mkopo, au akaingia naye ubia, au akamtafutia kazi, ili asije akalazimika kuomba. Niliandika maneno hayo kwenye karatasi nikampa Maalim, naye Ijumaa akayapeleka kwa watu wake baada ya sala, na mimi Jumapili nikayapeleka kwa wangu.

Tulipatikana watu sita. Tulimwomba mwenyekiti wa mtaa akae katikati, tukamwita mkopeshaji, naye akaja, na nakiri kwamba alikuja kwa adabu kuliko nilivyotazamia. Tulimwonyesha hesabu ya fedha aliyotoa na fedha aliyokwisha kupokea. Ilichukua vikao vitatu. Mwishowe alikubali kupokea kilichobaki kwa juma badala ya siku, kupitia ofisi ya mtaa, na kwamba hakuna atakayekanyaga tena ndani ya nyumba ya mama yule. Sisi sita tulilipa fungu la kwanza tukiwa wabia wa mama huyo, na yeye anatupunguzia kila akimaliza sare na mapazia. Cherehani kilirudi baada ya siku 11, juu ya guta lilelile. Gurudumu lake lina mkwaruzo mpya upande wa kulia na mkanda ulikuwa umelegea, lakini fundi aliukaza asubuhi ile, na ile sketi ya buluu ilimalizwa kabla ya Adhuhuri.

Ndugu Mhariri, namwalika msomaji mwenzetu aliyeuliza swali lile. Tunakutana kila Jumamosi baada ya Alasiri, mlangoni kwa Maalim, na Simhat Tora ikipita tutaanza tena na Mwanzo sura ya 1. Aje na swali lake, na ukali wake pia. Kahawa na kashata zitakuwepo, na tukimaliza tutamsindikiza mpaka stendi ya Kange.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga